Nani Alipwe kwa Kuipumzisha Ardhi?

Mwezi wa Septemba, miaka miwili iliyopita, nilimpeleka mama mmoja mzee hospitalini katika mji ulio mwendo wa saa moja na nusu kutoka tunakoishi, hapa jimboni Iowa. Mama huyo ni Mrundi. Sehemu kubwa ya maisha yake aliipitisha katika makambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, akaja Marekani pamoja na maelfu ya wenzake waliohamishiwa huku mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, na Kiswahili ndiyo lugha tunayoelewana. Pande zote mbili za barabara mahindi na soya vilikuwa vimekauka vikisubiri mashine za kuvunia. Katikati ya mashamba hayo tukapita moja kubwa, lililokaa mteremkoni, ambalo halikuwa na hata bua moja la mhindi. Lilikuwa limejaa nyasi ndefu na maua ya manjano. Mama aliligeuzia shingo mpaka likapotea nyuma yetu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, mwenye shamba lile amefiwa?"

Nilimweleza kuwa hakuna aliyekufa. Serikali imeingia mkataba na mwenye shamba: yeye aiache ile sehemu ya mteremko ipumzike na kuota nyasi, nayo itamlipa kila mwaka kwa kila ekari, ili udongo usichukuliwe na mvua hadi mtoni. Alinyamaza kwa muda. Halafu akauliza, "Na huyu jirani yake anayelima, yeye analipwa na nani?" Nikamjibu kuwa anauza mazao yake, na kwamba naye serikali humsaidia kulipia bima ya mazao. Mama akatikisa kichwa. "Basi huku ardhi inalipa ikilimwa, na inalipa isipolimwa," alisema. "Kinachotakiwa ni kuwa nayo tu. Mimi nimelima miaka hamsini na hakuna aliyenilipa, nilipolima wala nilipoacha."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayehakikisha hesabu. Lakini maneno yake yaliiharibu hoja niliyokuwa nikiifundisha darasani kwa miaka kadhaa, na makala haya ni jitihada ya kuijenga upya.

Mpango niliokuwa nikimweleza hufahamika huku kwa herufi CRP. Ulianzishwa na Sheria ya Usalama wa Chakula ya mwaka 1985, iliyotiwa saini na Rais Ronald Reagan wakati ambapo wakulima wengi wa majimbo haya walikuwa wamezama katika madeni na mashamba yao yakipigwa mnada. Mkataba wake ni wa miaka 10 hadi 15. Mwenye ardhi iliyo rahisi kumomonyoka hukubali kuipanda nyasi au miti, na serikali humlipa kodi ya kila mwaka, kana kwamba imeikodi ardhi hiyo kwa niaba ya umma. Gharama yake ni kati ya dola bilioni 1.5 na bilioni 2 kwa mwaka. Ulipofikia kilele chake mwaka 2007, mpango huu ulikuwa umepumzisha takriban ekari milioni 36.8. Manufaa yake si ya kubishaniwa: udongo umebaki mahali pake, mito imepata nafuu ya matope, na ndege wa mbuga waliokuwa wakipungua wamepata mahali pa kutagia.

Swali nililozoea kuwauliza wanafunzi wangu ni hili: je, ni haki kumlipa mtu kwa kuacha kudhuru? Tukigundua kwamba jirani hutupa taka karibu na kisima cha mtaa, hatumchangii fedha ili aache. Tunamwambia aache. Akipokea malipo ndipo aache, tutasema ametuuzia kitu ambacho kilikuwa haki yetu tangu mwanzo. Hapo nilikuwa nikimwita Immanuel Kant na mfano wake wa mwaka 1785 kuhusu mwenye duka asiyempunja hata mteja mtoto, lakini kwa sababu tu uaminifu huleta wateja. Duka lake ni safi, ila tendo lake halina thamani ya kimaadili, kwa kuwa halikutoka katika wajibu. Wahenga wetu walilisema jambo hili kwa njia fupi zaidi: tenda wema uende zako. Anayengoja malipo hajatenda wema. Amefanya kazi ya kibarua.

Hoja hii huwavutia vijana, na ilinivutia mimi pia. Siku hizi naiona kuwa dhaifu kuliko inavyoonekana. Udongo hauulizi nia ya mtu. Mteremko uliopandwa nyasi kwa ajili ya fedha hushika maji sawasawa na mteremko uliopandwa nyasi kwa ajili ya dhamiri. Tena methali ile humsemesha mtu mmoja kuhusu moyo wake. Haikutungwa iwe sera ya nchi. Mkulima anayedaiwa na benki, ambaye ekari 40 za mteremko ndizo zinazomwezesha kulipa rejesho la mwaka, hajakataa wema anaposema hawezi kuziacha bure. Anasema ukweli kuhusu nyumba yake. Anayemhubiria kuhusu usafi wa nia huku mshahara wake unaingia kila mwisho wa mwezi, kama mimi, anahubiri kwa tumbo la mwenzake.

Kwa hiyo silaumu malipo kwa kuwa ni malipo. Lakini ipo hoja ya pili, iliyo nzito zaidi, nayo inahusu kile hasa kinachonunuliwa.

Aldo Leopold, mzaliwa wa Burlington katika jimbo hili la Iowa, aliigusa hoja hiyo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Anasimulia kuwa mwaka 1933 wakulima wa kusini-magharibi mwa Wisconsin, ambako udongo ulikuwa ukiteremka kuelekea baharini, waliahidiwa nguvukazi, mashine na vifaa vya umma iwapo wangefuata njia fulani za kuhifadhi ardhi kwa miaka mitano. Wengi walikubali. Miaka mitano ilipokwisha, wengi waliziacha njia hizo, wakabaki na zile tu zilizowaletea faida ya haraka. Umma ulidhani umewafundisha wakulima kuipenda ardhi. Kumbe ulikuwa umenunua miaka mitano.

Historia imejirudia tangu hapo. Mwaka 1956 serikali ya Rais Eisenhower ilianzisha mpango uliojulikana kama benki ya udongo, uliowalipa wakulima kupumzisha mashamba. Bei ya nafaka ilipopanda katika miaka ya 1970, ardhi nyingi iliyokuwa imepumzishwa ilirudi chini ya plau. CRP nayo haikusalimika. Mahindi yalipoanza kutengenezewa mafuta ya magari kwa wingi na bei yake ikapanda, wenye ardhi waliacha mikataba yao iishe bila kuihuisha, na bunge nalo likapunguza kiwango cha ekari zinazoruhusiwa, hata kufikia mwaka 2016 eneo lililohifadhiwa lilikuwa chini ya ekari milioni 25. Nyasi zilizochukua miaka 20 kukita mizizi zililimwa kwa siku chache. Wala hakuna aliyevunja sheria. Mkataba ulikuwa umekwisha, na aliyekodisha ana haki ya kurudishiwa chake.

Wasomaji wetu walioko Uingereza wanaijua sura nyingine ya udhaifu huu. Baada ya kutoka katika Umoja wa Ulaya, ambao kwa miaka mingi uliwalipa wakulima kwa kufuata ukubwa wa ardhi waliyonayo, Uingereza ilipitisha Sheria ya Kilimo ya mwaka 2020 kwa kauli nzuri: fedha za umma zinunue manufaa ya umma. Kauli hiyo iliwashawishi wengi. Hata hivyo, Machi 2025 serikali ilifunga ghafla maombi mapya ya mpango wake mkuu wa malipo hayo kwa England, kwa kuwa fungu lilikuwa limekwisha. Huku Iowa aliyechoka na mkataba ni mwenye ardhi. Kule aliyechoka ni mnunuzi.

Na zaidi ya muda, malipo haya yananunua kitu ambacho hakisemwi wazi. Ili ardhi ikubaliwe katika CRP kwa njia yake ya kawaida, sharti iwe imelimwa miaka minne kati ya sita ya kipindi kilichotajwa na sheria. Sababu yake ya kiutawala inaeleweka: serikali haitaki kulipia mbuga ambayo ingebaki mbuga hata bila malipo. Lakini tazama matokeo yake kimaadili. Mkulima ambaye babu yake aliamua kuwa mteremko ule usiguswe, na baba yake akauheshimu uamuzi huo, hana cha kuuza. Jirani yake aliyeupasua wake kwa plau ndiye anayelipwa kuuponya. Kila hundi inayotumwa inathibitisha tena kuwa kuharibu kulikuwa haki ya mwenye ardhi, na kwamba umma ukitaka aiache haki hiyo, sharti uinunue.

Hapa ndipo somo langu lilipokuwa likiishia. Swali la mama yule, kwamba kinachotakiwa ni kuwa na ardhi tu, lilinionyesha kuwa nilikuwa nimeruka jambo la kwanza kabisa. Nilikuwa nikiuliza kama mkulima alipwe. Sikuwa nimeuliza ni nani tunayemwita mkulima.

Takwimu za wizara ya kilimo ya Marekani za mwaka 2014 zinaonyesha kuwa karibu asilimia 39 ya ardhi ya kilimo katika majimbo 48 ya bara hukodishwa, na takriban asilimia 80 ya ardhi hiyo ya kukodi ni mali ya watu wasiolima wenyewe. Hapa Iowa zaidi ya nusu ya ardhi ya kilimo hulimwa na mtu ambaye si mwenyewe. Wenye ardhi ni wajane, warithi walioko California au Arizona, amana za familia, na makampuni. Ardhi ya namna hiyo inapoingizwa katika mpango wa hifadhi, mpangaji aliyekuwa akiilima hupoteza ekari zake, na mwenye ardhi hupokea malipo. Sheria ina vifungu vya kumlinda mpangaji, lakini mpangaji ambaye mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, mara nyingi wa kupeana mikono, ana kinga ndogo sana mbele ya mtu anayeweza kutomhuishia mwaka unaofuata.

Nchi hii imewahi kuona mwisho mbaya wa jambo hilo. Mwaka 1933, katika juhudi za kuokoa bei ya mazao, serikali ya Rais Roosevelt iliwalipa wenye mashamba ya pamba katika majimbo ya kusini ili wapunguze eneo la kilimo. Mwaka huo peke yake takriban ekari milioni 10 za pamba iliyokwisha kuota zilifukiwa. Waliokuwa wakiilima pamba hiyo, kwa sehemu kubwa, walikuwa wakulima wasio na ardhi, weusi kwa weupe, waliogawana mavuno na mwenye shamba. Mkataba ulimtaka mwenye shamba awagawie wakulima hao sehemu ya malipo. Wengi hawakugawa. Wengine waliona ni nafuu zaidi kuwafukuza kabisa, kwa kuwa shamba lililopungua halikuhitaji mikono ile yote. Julai 1934, katika jimbo la Arkansas, wakulima hao waliunda chama chao, weusi na weupe pamoja, jambo lililohitaji ujasiri mkubwa mahali pale na wakati ule. Na mapema mwaka 1935, wanasheria wa serikali waliojaribu kuutafsiri mkataba wa pamba kwa namna ya kuwalinda wakulima wasifukuzwe, waliachishwa kazi wao wenyewe.

Ardhi ilipumzika. Aliyeilima alifukuzwa. Aliyekuwa na hati alilipwa. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo matatu lililotokana na nia mbaya ya waliobuni mpango. Walitaka kuwasaidia wakulima, na waliposema "wakulima" walimaanisha waliokuwa wakiwaona, yaani wenye kutia saini.

Miaka hiyohiyo ya 1930 ndipo vumbi la mbuga za kati za Marekani lilipopanda hewani hata likafika Washington, na Aprili 1935 bunge likapitisha sheria ya kuhifadhi udongo. Habari za vumbi hilo zilisomwa kwa hofu na maofisa wa kilimo wa Kiingereza katika Afrika Mashariki. Nao walianza kuiangalia milima ya makoloni yao na kuona humo jangwa linalokuja. Hofu ilikuwa moja. Lakini tiba iliyotolewa kwetu haikuwa ile iliyotolewa Kansas na Iowa.

Mimi ni mtoto wa milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Huko ardhi hurithiwa upande wa mama, na mteremko ninaouita wetu ni wa ukoo wa bibi yangu mzaa mama. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa milima hiyo kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao, kwa siku maalumu za kila wiki, na asiyechimba alitozwa faini au kufungwa. Bibi alichimba. Hadi anafariki alikuwa akisema kuwa walifundishwa kuzika udongo mzuri na kufukua mbaya, na wataalamu waliochunguza baadaye walikubaliana naye, kwani katika miteremko ile udongo wenye rutuba ni utando mwembamba, na kuukata ngazi huleta juu udongo usioweza kuotesha chochote cha maana. Mwaka 1955 watu walikataa. Kulitokea ghasia, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Watu wa Murang'a nchini Kenya walikuwa wamekwisha kukataa kazi kama hiyo tangu mwaka 1947, na watu wa Usambara nao wana kumbukumbu zao.

Nilipoziweka historia hizi mbili ubavu kwa ubavu, niliona kitu ambacho Kant hakunisaidia kukiona. Nilikuwa nimedhani kwamba kumlipa mtu ni kumdhalilisha kimaadili, kwamba ni kumchukulia kama asiyeweza kutenda jema bila kuhongwa. Lakini bibi yangu hakuhongwa. Yeye aliamriwa. Na tofauti baina ya aliyelipwa na aliyeamriwa haikuwa katika udongo, wala katika ukubwa wa hatari, wala katika ubora wa dhamiri zao. Ilikuwa katika swali la nani anayehesabiwa kuwa mtu ambaye ridhaa yake sharti iombwe. Mwenye ardhi wa Iowa aliombwa, kwa kuwa alikuwa na hati na kura. Mkulima wa Uluguru hakuwa na kimojawapo machoni pa serikali ile. Mgawanyaji mavuno wa Arkansas naye hakuwa navyo, ndiyo maana alifukuzwa katika nchi hiyohiyo iliyomlipa bwana wake. Malipo, kabla hayajawa bei ya kitu chochote, ni namna ya kumtambua mtu.

Historia ya milima yetu haikuishia hapo. Kutoka Uluguru ndiko unakotiririka mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam. Katika muongo wa kwanza wa karne hii mashirika ya CARE na WWF yalisimamia mradi ambapo wakulima wa baadhi ya vijiji vya milima hiyo walilipwa kwa kuhifadhi miteremko ya vyanzo vya maji, na sehemu ya fedha ilitoka kwa watumiaji wakubwa wa maji wa mjini. Miongoni mwa kazi zilizolipiwa, pamoja na kupanda miti, ilikuwemo kuchimba matuta. Mtu anaweza kucheka. Mimi sikucheka, kwa sababu safari hii mkulima aliulizwa, na aliyekuwa na haki ya kusema hapana alikuwa huru kusema ndiyo.

Basi nini hukumu yangu? Kwanza, tutenganishe wajibu na kujinyima. Yapo madhara ambayo hayapaswi kununuliwa, bali kukatazwa. Mwaka 2015 shirika la maji la mji wa Des Moines lilizishtaki mamlaka za mifereji za wilaya tatu za juu ya mto, likidai kuwa naitreti kutoka mashambani inawalazimisha wakazi wa mji kugharamia usafishaji wa maji yao ya kunywa. Kesi ilitupwa mwaka 2017. Wapo wasemaji wengi wa Kiswahili mjini humo, Wakongo na Warundi wanaofanya kazi za zamu ya usiku, na bili ya maji huwafikia kama inavyowafikia wengine. Hao ni watu wanaolipia madhara ambayo hawakuyafanya, katika mito inayopita kwenye ardhi wasiyoimiliki. Kumtaka mtu asichafue maji ya mwenzake ni kudai wajibu, na wajibu hauna bei. Lakini kumtaka aache kabisa mteremko ambao ndio chakula chake, ili mji ulio mbali upate maji au ndege wapate kiota, ni kumtaka ajinyime kwa ajili yetu. Hapo sharti tuchangie. Malipo si bei ya wema wake. Ni mgawo wa gharama baina ya wote wanaofaidika.

Pili, na hili ndilo alilonifundisha mama wa Kirundi: ikiwa malipo ni mgawo wa gharama, basi yamfuate anayeibeba gharama. Swali la kwanza katika fomu lisiwe "nani mwenye ardhi?" bali "nani ataacha kula kutoka hapa?" Nitajibiwa kuwa mwenye ardhi naye hupoteza kodi, na kwamba bila saini yake hakuna hifadhi itakayodumu, kwa kuwa mpangaji huondoka na ardhi hubaki. Ni kweli. Basi alipwe kwa kile anachopoteza, na mpangaji alipwe kwa kile anachopoteza, na tusiseme kuwa wa pili hayupo kwa sababu jina lake halimo katika daftari.

Niliandika maneno hayo nikiwa nimeridhika nayo, kisha mwezi Machi mwaka huu nikapata simu kutoka nyumbani. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ndiye anayelima ule mteremko wa bibi. Mimi nina miaka kumi na miwili sijaushika mpini wa jembe. Mradi mmoja wa kuhifadhi vyanzo vya maji umefika kijijini, unataka sehemu ya juu ya shamba iachwe ipandwe miti kwa miaka 15, na utalipa kila mwaka. Sehemu hiyo ndiyo yenye maharage na ndizi zake. Mama yangu alipofariki, wazee wa ukoo waliandikisha shamba kwa jina langu kwa kuwa mimi ndiye niliyegharamia upimaji. Dada alinisomea karatasi ile kwenye simu polepole, neno kwa neno, kisha akasema, "Kaka, hapa pameandikwa mwenye shamba ni wewe. Mimi nimeandikwa wapi?"

Hakuwa ameandikwa popote. Nilimwambia kwamba sitatia saini karatasi isiyomtambua, na nikawaandikia wahusika hivyo. Walijibu kwa adabu kuwa fomu yao ina nafasi ya mmiliki mmoja. Nilipomwambia dada kuwa basi nimekataa, alikaa kimya, halafu akasema, "Wewe ukikataa kwa heshima yangu, mimi ndiye nitakayekosa. Mteremko ule siku hizi unatoa debe mbili. Fedha yao ni zaidi ya debe mbili. Usinikatalie, niandike."

Ikabidi nipige simu kwa mjomba na wazee wengine wawili. Walikutana nyumbani kwake, wakaandika karatasi nyingine mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kwamba malipo yote ya mradi ni ya dada, kwamba miaka 15 ikiisha mteremko ni wake kuulima au kuuacha, na kwamba mimi wala watoto wangu hatutamwondoa. Baada ya hapo nikaitia saini fomu ya mradi, kwenye mstari ulioandikwa "mmiliki".

Fedha ya kwanza imekwisha kuingia. Iliingia kwenye akaunti yangu, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye fomu, nami nikamtumia yote kwa simu jioni ileile. Alinishukuru. Nilimwomba asinishukuru, akashangaa, kwani katika malezi yetu mtu akikutumia fedha humshukuru. Sikujua namna ya kumweleza kuwa shukrani yake ndiyo inayoonyesha kuwa jambo bado halijakaa sawa. Kila mwaka, kwa miaka 14 iliyobaki, haki yake itapitia mkononi mwangu ikiwa na sura ya wema wangu. Wazee wana karatasi yao, na natumaini itanishinda nguvu siku nitakayopungukiwa. Lakini fomu yenyewe haina habari na karatasi hiyo. Ina mstari mmoja tu, na juu yake kuna jina la mtu anayeishi Iowa.